Mawimbi Yalifika Mkula

Kazi yangu ilikuwa kupima nguvu ya mawimbi ya redio. Kwa miaka yote niliyoifanya, kila nilipoieleza kwa watu wa Ifakara waliniuliza kama napima kwa kilo au kwa debe. Mama yangu mzazi, hadi anafariki, aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni mtangazaji ambaye bado hajapangiwa zamu. Sasa nimestaafu, na ninyi mliobaki kwenye chumba cha mitambo mmeniomba niandike nilichojifunza. Habari za vyeo na mishahara naziacha, hazijazi hata nusu ukurasa. Nitaandika juu ya mwalimu wangu, Mzee Athumani, na kazi moja tuliyoifanya Mkula, kwa sababu karibu kila ninachokijua kuhusu kupima kinapatikana ndani ya kazi ile.

Nilifika kituoni nikitokea Kibaoni, ambako nilikuwa natengeneza redio na pasi kwenye kibanda cha mjomba wangu. Kituo kilikuwa kidogo, na bado ni kidogo: studio moja yenye trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, chumba cha mitambo, na mnara nyuma ya jiko la mama lishe. Mzee Athumani alinikuta nimesimama mlangoni na bisibisi zangu kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Veneranda? Nimeambiwa unajua kulehemu."

"Najua kidogo."

"Kidogo kinatosha. Leo usiguse kitu. Kaa hapo, usikilize."

Nilidhani ananitania. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikiusikiliza mtambo wa kurushia matangazo mpaka masikio yakachoka. Jioni akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia feni mojawapo inakoroma. Akaifungua, akanionyesha beringi iliyolika, akaniambia niilete mpya kesho yake. Meneja ndiye aliyenipa barua ya ajira, lakini mimi huhesabu kwamba niliajiriwa na ile feni.

Mzee Athumani alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuja bondeni kwetu akiwa kijana, akapata kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, akitengeneza redio za mawasiliano za matrekta na malori. Hukohuko alikutana na msichana aliyekuwa akipalilia miwa. Wakaoana, wakajenga kijijini Mkula kwenye kiwanja cha wazazi wa mke, wakapata binti, Zaituni. Tangu hapo mke akawa Mama Zaituni kwa kila mtu, mumewe akiwemo. Alipohamia kituoni kwetu, mzee alipanga chumba mtaa wa Viwanja Sitini, na kila Ijumaa baada ya swala alipanda gari kwenda Mkula. Ukimhitaji kazini siku hiyo mchana, ilibidi mtambo uungue kwanza.

Siku hizo tulipima kwa masikio. Tulipanda pikapu ya kituo, redio ndogo juu ya dashibodi, tukaenda mpaka sauti ianze kukwaruza. Hapo tulisimama na kuuliza watu. Mzee alikuwa na utaratibu wake: alimuuliza anayepika. Alisema wanaume waliokaa barazani watakuambia inashika vizuri kwa sababu wanataka uondoke waendelee na bao, au haishiki kwa sababu wanadhani unagawa redio. Anayepika anasikiliza kweli, maana mikono yake ina kazi na masikio yake hayana.

Kisha likaja lile dude dogo. Mhandisi mmoja kutoka Dar es Salaam alikuja kufunga vifaa vya studio, na alipoondoka alituachia kipokezi kinachochomekwa kwenye kompyuta, chenye ukubwa wa kidole gumba. Ninyi mmevizoea. Kipokezi chenyewe hakina mambo mengi: kinanasa mawimbi na kuyageuza kuwa namba, na mengine yote yanafanywa na programu ndani ya kompyuta. Kwenye kioo tuliona kila kituo kama kilima, na chini yake picha inashuka polepole kama maji ukutani, ikionyesha kilichopita hewani. Wiki nzima hatukufanya kazi ya maana. Tuliangalia tu.

Mzee ndiye aliyetuharibia furaha. Aliweka kidole kwenye namba iliyokuwa juu ya kilima chetu.

"Hii ni nini?"

"Nguvu ya mawimbi yetu, mzee."

"Kwa kipimo cha nani?"

Tulimpigia simu yule mhandisi, naye alikuwa mtu mwema, alitueleza bila haraka. Namba ile, alisema, ni ya kipokezi chenyewe. Ni sawa na mizani isiyo na jiwe: itakuambia mfuko huu ni mzito kuliko ule, lakini haitakuambia kilo. Mpaka uipe mawimbi ambayo nguvu yake unaijua tayari, uone inasema nini, na tofauti hiyo uibebe kila unapopima.

Mzee alikuwa na chombo cha kutoa mawimbi ya aina hiyo. Alipewa wakati karakana ya mashamba ya miwa ilipobadilisha redio zake. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia, na alikihifadhi uvunguni mwa kitanda. Tulikituma Dar kikakaguliwa, kikarudi na karatasi yake. Kuanzia hapo ndipo tulipoanza kupima.

Tuliyojifunza miezi ile nayasema upesi, kwa kuwa najua baadhi yenu mnaruka hatua. Zimeni kile kipengele cha programu kinachoongeza nguvu chenyewe. Kinafaa kwa kusikiliza muziki. Kwa kupima kinadanganya, maana mawimbi yakipungua kinayapandisha ili usione kwamba yamepungua. Acheni kipokezi kipate moto kwanza kabla ya kuamini namba yoyote. Waya wa antena nao unakula mawimbi. Pimeni unakula kiasi gani. Na karibu na mnara wenye nguvu kipokezi hulewa, kikaonyesha vituo visivyokuwepo duniani. Hapo chomekeni kipunguzi cha desibeli kumi. Kilima cha kweli kitashuka desibeli kumi zilezile. Kikishuka zaidi ya hapo, kimezaliwa ndani ya kipokezi chenu, na msikiandike.

Sasa nije kwenye Mkula.

Kituo kilipata mtambo mmoja mdogo wa kuongezea nguvu, wa kufungwa mahali ambapo matangazo yetu hayafiki. Mmoja tu. Meneja wetu, Bwana Benitho, alituita mimi na mzee ofisini.

"Watu wa Mkula wananipigia simu kila siku," alisema. "Wanasema redio inakwaruza. Kuna waliopendekeza tuufunge ng'ambo ya mto, Lupiro, lakini huko hajapiga simu hata mmoja. Nendeni mkapime kote kuwili, mniambie uende wapi."

Tulipotoka nje mzee alinisimamisha kando ya tangi la maji.

"Mwanangu, mke wangu yuko Mkula. Mguu wake unamsumbua siku hizi, hatoki. Redio ndiyo inayomliwaza. Nataka mtambo ule uende Mkula kuliko ninavyotaka kitu chochote mwaka huu. Kwa hiyo ukiniona nasukuma namba, nizuie."

Nikamwambia sawa. Moyoni nilitamani isinilazimu.

Tulianza na Lupiro. Tukavuka daraja asubuhi, tukasimamisha antena kwenye mlingoti wake, kimo kilekile kila mahali, tukapima sokoni, kwenye zahanati, pembeni ya majaruba ya mpunga. Kilima chetu kilikuwa kifupi kiasi kwamba kwingine ilibidi uambiwe kipo ndipo ukione. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga samaki nilimuuliza kama huwa anaisikiliza redio ya Ifakara. Akageuza samaki wake kwanza.

"Kumbe Ifakara kuna redio?"

Mzee alicheka mpaka akashika mlingoti. Njiani kurudi aliacha kucheka. "Ndiyo maana hawapigi simu," alisema. "Mtu atalalamikiaje kitu asichojua kipo?"

Mkula tulikwenda siku iliyofuata, mchana. Namba ya kwanza ilitoka ndogo, ndogo kuliko nilivyotegemea kwa umbali ule na ardhi ilivyo tambarare. Ya pili vilevile. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa tayari nimeshapanga jinsi nitakavyomwambia Bwana Benitho kwamba Lupiro na Mkula hawapishani sana. Nikamtazama mzee nikidhani nitamkuta anatabasamu. Alikuwa ameinama nyuma ya pikapu akikivuta kile chombo chake kizito.

"Hebu tuone waya," alisema.

Akakiunga chombo kupitia waya wa antena. Namba ikatoka ndogo. Akautoa waya, akakiunga moja kwa moja kwenye kipokezi. Namba ikatoka sawasawa. Tukaupapasa waya mpaka tukakuta mahali umebanwa na mlango wa pikapu, umelala bapa kama utambi. Pengine ulibanwa asubuhi ileile, tulipokuwa tunapakia.

Tulikuwa na waya wa akiba. Tukaufunga, tukaupima nao, tukarudia kila mahali: shuleni, stendi, msikitini, nyuma ya maduka. Kilima chetu kilisimama vizuri kote. Si kirefu kama cha mjini, lakini redio yoyote nzima ingetosheka nacho.

"Andika," mzee alisema.

"Tunaweza kurudi kesho tukapima tena."

"Kesho mawimbi yatakuwa hayahaya. Andika, mwanangu."

Niliandika. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama, na alikwenda kumsalimia mkewe peke yake. Mimi nilibaki nakunja antena. Aliporudi aliwasha gari, tukarudi Ifakara.

Kwenye kikao alitaka aeleze mwenyewe. Alisema Lupiro hawapati kitu, Mkula wanapata vya kutosha, mtambo uende ng'ambo. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, mikono yake ikiwa juu ya magoti.

Bwana Benitho alishusha kalamu. "Na watu wa Mkula nitawaambiaje? Kwamba wanaota?"

"Hawaoti. Mawimbi yanafika, lakini kwa nini hawasikii sijui. Hilo hatukulipima."

Mtambo ulifungwa Lupiro kabla ya masika, na uko hukohuko hadi leo. Simu zilianza kuingia kutoka ng'ambo wiki ileile, za kulalamika, maana sasa walikuwa na cha kulalamikia.

Lakini jioni ya kikao kile nilimkuta mzee amekaa kwenye ngazi ya chumba cha jenereta, amevua kofia. Nikakaa naye. Akaniambia jambo ambalo wenzetu wa studio walilijua na mimi sikulijua. Kila jioni, kwenye kipindi cha salamu, aliwaomba watangazaji wamsalimie Mama Zaituni wa Mkula kutoka kwa mtu wa mitambo. Miaka mingi alifanya hivyo. Zamani mkewe alikuwa akimpigia simu baadaye kumcheka: leo salamu zako zimesomwa baada ya za muuza mbuzi, leo mtangazaji amekosea jina langu.

"Siku hizi haniambii kitu," alisema. "Juzi nimemuuliza, redio inashika? Anasema inashika vizuri. Nikamuuliza akina nani wamesalimiwa leo. Akasema, watu wengi."

Kisha nikamuuliza, "Wanaopiga simu kutoka Mkula, wanasema inakwaruza saa ngapi?"

Akanigeukia. "Jioni. Wote wanasema jioni."

"Na sisi tumepima mchana."

Tulikwenda kesho yake, tukafika jua linazama nyuma ya milima. Mama Zaituni alikuwa sebuleni juu ya mkeka, mguu mmoja ameunyoosha juu ya mto, anasuka ukindu. Juu yake iliwaka balbu nyeupe kali, ya aina ile iliyokuwa imejaa madukani mwaka ule. Redio ilikuwa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kumbe ndiye wewe Veneranda? Baba Zaituni anakutaja kuliko anavyonitaja mimi. Kaa ule."

Niliomba nifanye kazi kidogo kwanza. Nikasimamisha antena barabarani, palepale tulipopima mchana ule. Namba ilikuwa ileile. Nikaisogeza uani, kilima hakikubadilika, lakini ardhi iliyokizunguka ilikuwa imeanza kupanda. Hiyo ndiyo kelele ya hewani, ambayo huwa imelala chini kabisa ya kioo. Nikaingia na antena fupi mpaka sebuleni. Kelele ilikuwa imeinuka kama maji kwenye jaruba, na kilima chetu kimebaki kichwa tu.

"Mama Zaituni," mzee alisema, "hebu washa redio."

"Mgeni ale kwanza."

"Atakula kikipoa. Washa."

Hakuinuka. Alikuwa anautazama ukindu wake. "Ukiwa nyumbani nakusikia wewe, redio ya nini?"

Mzee akaenda kabatini, akatoa kitambaa, akawasha mwenyewe. Ilikwaruza vibaya. Ndani ya mkwaruzo kulikuwa na mtu anaongea, lakini hukuweza kujua kama ni mwanamke au mwanamume.

Nikaomba tuzime vitu, kimoja kimoja. Chaja ya simu: kelele ikashuka kidogo tu. Friji ya jirani sikuweza kuizima, nikaiacha. Nikainua macho kwenye balbu.

"Hiyo kaniletea yeye," Mama Zaituni alisema kabla sijafungua mdomo. "Macho yangu hayaoni vizuri ukindu jioni. Alipanda stuli akaifunga mwenyewe, kidogo aanguke."

"Naomba tuizime mara moja tu, mama."

Mzee akaizima. Sebule ikawa na mwanga wa kioo cha kompyuta yangu, na nikaona ile kelele ikidondoka yote kwa pamoja, kilima chetu kikabaki kimesimama peke yake. Wakati huohuo redio ikasafika. Lilikuwa tangazo la chanjo ya kuku. Sauti ya kijana wetu wa zamu ilikuwa inawaambia wafugaji wasichanganye dawa na maji ya moto, na tulimsikiliza sote watatu kama anasoma jambo kubwa, mpaka akamaliza.

Mama Zaituni ndiye aliyeongea kwanza.

"Nilijua ni mtambo wako umezeeka," alimwambia mumewe. "Na wewe unakaribia kustaafu. Nikasema moyoni, nikimwambia hasikiki, ataondoka kazini na jambo hilo kichwani. Nikasema basi, aondoke kwanza."

Mzee alikuwa bado amesimama chini ya balbu, mkono ukutani penye swichi.

"Muda wote huo ulikuwa unasikiliza nini?"

"Huo mkwaruzo. Nilijua wewe uko ndani yake."

Mzee alikwenda akakaa mkekani kando yake, upande wa mguu unaouma, akauinua mto kidogo ukae vizuri. Mimi nilijifanya nina kazi na waya. Baadaye Mama Zaituni akaniambia chemli iko nyuma ya mlango, niiwashe, wali usiliwe gizani.

Wiki iliyofuata mzee alikwenda kwenye duka lililouza balbu zile Mkula nzima, akiwa na kipokezi na kompyuta. Akaziwasha moja moja juu ya kaunta. Mwenye duka alinuna mpaka alipoona aina mbili kati ya alizokuwa nazo hazina kelele hata kidogo, na ni hizo ambazo zilikuwa haziuziki kwa sababu boksi lake ni baya. Mzee alinunua moja. Tulitangaza redioni watu wajaribu kuzima balbu kabla ya kupiga simu. Waliotusikia walijaribu. Wengine ilibidi tuwafuate.

Tangu hapo sikuwahi kupima mawimbi bila kupima na kelele pembeni yake, saa ambayo watu wanasikiliza, mahali wanaposikilizia. Namba ya barabarani ni ya barabarani. Msiipe kazi ya kueleza kinachotokea ndani ya nyumba ya mtu.

Mzee alistaafu mwaka uliofuata, akahamia Mkula moja kwa moja. Kila nilipopita na pikapu kwenda kupima njia ya Kidatu nilisimama kwao. Jioni moja nilifika nikakuta mlango uko wazi na kipindi cha salamu kinaendelea. Sikupiga hodi mara moja. Nilisimama uani na mlingoti wa antena begani, maana ndani walikuwa wanabishana. Mzee alitaka sauti iongezwe. Mama Zaituni alisema imetosha, majirani nao wana redio zao.

"Basi kidogo tu," mzee alisema.

"Baba Zaituni, uko hapa mkekani. Nani tena unamngojea asalimiwe?"

"Sijui. Ongeza tusikie."

Nikasikia sauti ya redio ikipanda.